Taa Nilizoichagulia Wodi

Jumatatu, 4 Machi

Masika yameanza, na taa za wodi nazo zimeanza vituko vyao. Tyubu ya juu ya kitanda cha mlangoni inawaka, inazima, inawaka, kama mtu anayekonyeza. Ile ya katikati inavuma tangu asubuhi, ncha zake zimeungua hadi nyeusi. Mzazi mmoja aliyejifungua jana aliniomba ruhusa ajifunike uso kwa shuka. Nikamwambia, "Jifunike, mama. Hata mimi ningepata nafasi ningejifunika."

Fundi umeme alikuja na ngazi yake, akaigonga tyubu kwa mpini wa bisibisi, ikawaka. "Imepona, Sista," akasema, akashuka. Hajafika mwisho wa korido, ikazima. Huyu mtu kazi yake ni kupanda na kushuka tu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Tyubu mbili zaidi zimekufa.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao cha wakuu wa idara. Mganga Mkuu ametangaza kwamba tyubu zote za zamani zitang'olewa, hospitali nzima iwekwe za LED. Nilipiga makofi kwa moyo wote. Bwana Stoo, mkuu wa ugavi, akafungua mdomo, na akifungua mdomo kikao hakiishi. Anataka aina moja kwa majengo yote, nyeupe kama mchana. "Aina moja, boksi moja, rafu moja. Nikiamshwa usingizini najua iko wapi."

Nikamwambia wodi ya wazazi si rafu. Wanawake wanatoka kwenye uchungu, wengine wamepasuliwa, halafu mnawamulika kama samaki wa sokoni? Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Mganga Mkuu, ambaye alishaanza kutazama saa, akasema, "Basi Sista achague mwenyewe taa za wodi yake, tuendelee."

Bwana Stoo alinikata jicho. Nilimrudishia na chenji.

Jumanne, 12 Machi

Leo tumejaribu sampuli. Fundi alifunga aina tatu, moja moja, sisi tumesimama chini tumeinua shingo kama vifaranga.

Ya kwanza ina ubuluu kwa mbali. Ilipowaka, Sista Mdogo, muuguzi ninayepokezana naye zamu, alinitazama akasema, "Sista, unaonekana umekufa juzi." Tukaizima. Ya pili ni nyeupe ya kawaida, ile ya Bwana Stoo. Haina kosa, haina raha. Kila doa la ukutani lilijitokeza, na kila kunyanzi la uso wangu.

Ya tatu ni ya manjano laini, kama taa ya jikoni unayoiona kwa mbali ukirudi nyumbani umechoka. Wodi nzima ilishusha pumzi. Mzazi wa kitanda cha dirishani akajishika shavu, "Jamani, hata mimi nimekuwa mzuri!" Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza. Labda angenyamaza tu, lakini alinyamaza wakati huohuo, na sisi wote tuliona.

"Hii," nikasema. Boksi lake lina namba za rangi ya mwanga na maandishi madogo. Sikuyasoma. Bwana Stoo alitia sahihi midomo ameibinua.

Jumatatu, 18 Machi

Zimefungwa. Fundi amefungua kila fremu, akatoa choki na stata za zamani, vyuma vizito vyenye kutu, akaunganisha nyaya moja kwa moja. Alipowasha, nilichosikia ni ukimya. Sikuwa najua kelele ile ilikuwa imekaa kichwani mwangu kiasi gani.

Mchana walikuja Kitinda na mama yake. Kitinda ni mtoto wa mwisho wa kaka yangu, mimba yake ya kwanza, tumbo limemtangulia. Mume wake ni dereva wa malori ya masafa, anarudi anaporudi. Alisimama katikati ya wodi akazunguka taratibu. "Shangazi, hapa ndipo nitakapojifungulia. Sitaki kwingine."

Wifi yangu akavuta mdomo. Yeye anataka hospitali kubwa ya rufaa, ng'ambo ya mto. Mimi na wifi hatujawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi. Nikasema, "Wifi, huko kubwa atakuwa namba. Hapa atakuwa mtoto wangu." Akachukua mwavuli wake, akatangulia mlangoni. Nilitembea jioni yote nikiwa mwepesi, kwamba nimemshinda Bwana Stoo na wifi kwa taa zilezile.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Wazazi wote wazima.

Jumapili, 31 Machi

Mvua haijakatika. Upepo unapiga maji mpaka vitandani, kwa hiyo tumefunga madirisha ya mbao upande wote. Tunaishi kwa taa tu. Sista Mdogo anasema akiwa zamu hajui kama ni asubuhi au jioni. Nikamwambia ashukuru, maana saa zinakwenda upesi.

Jumanne, 9 Aprili

Kitinda alipasukiwa na chupa wiki chache kabla ya wakati wake. Daktari akaamua upasuaji. Nilisimama kichwani pake, nikamshika mkono, akanivunja vidole. Mtoto wa kiume, mdogo, lakini sauti anayo. Kaka alipoonyeshwa alikaa chini sakafuni, mtu mzima na koti lake la kazini, akalia. Wifi alimfuta machozi kwa upindo wa nguo yake huku akimsema, "Inuka, unatia aibu."

Alhamisi, 11 Aprili

Mjukuu wetu analala sana. Kitinda aliniuliza, "Shangazi, mbona wenzake wanalia kutaka maziwa, yeye mpaka nimwamshe?" Nikacheka. "Amemfuata mama yake. Wewe ulikuwa unasinzia na tonge mdomoni."

Nikamkagua kama tunavyowakagua wote. Unabonyeza ngozi ya paji la uso kwa kidole, ukiachia unaangalia rangi inayobaki. Kisha macho, kisha fizi. Tunatafuta umanjano, ule unaowapata wachanga damu yao inapovunjika upesi kuliko ini linavyoweza kusafisha. Ukiuona mapema, unamlaza chini ya taa ya buluu, unakwisha. Alikuwa na rangi ileile waliyo nayo wote mle ndani, rangi ya asali. Hata kidole changu kilikuwa na rangi hiyo. Nikaandika: mzima.

Ijumaa, 12 Aprili

Ananyonya kivivu. Nimemfundisha Kitinda kumtekenya nyayo. Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika ili mikono iwe na kitu cha kushika.

Asubuhi mvua ilikatika ghafla. Jua likatoka, jua lenyewe hasa, la kuchoma. Kaka alikuja kumwona mjukuu, na kwa kuwa wanaume hawaingii wodini asubuhi, wifi alimchukua mtoto akampeleka barazani. Mimi nilikuwa nabadilisha bandeji ya kidonda cha mzazi wa kitanda cha jirani. Nikasikia sauti ya kaka kupitia mlangoni, haikuwa kubwa.

"Mama Kitinda. Mbona macho yake yako hivi?"

Kisha wifi, "Sista!" Hajawahi kuniita Sista maishani mwake. Ananiita wifi, au haniiti.

Nikatoka. Alikuwa amemkunjua mtoto juani. Sikuhitaji kubonyeza ngozi. Alikuwa wa manjano kuanzia kwenye macho mpaka tumboni, mpaka mapajani, mpaka kwenye nyayo zile nilizomfundisha mama yake kuzitekenya. Manjano kama bizari. Nilisimama kizingitini, mguu mmoja barazani, mmoja wodini. Nikampokea nikamrudisha ndani hatua moja tu, chini ya taa. Akawa mtoto wa kawaida. Nikamtoa nje. Bizari. Nikamrudisha tena ndani, kama mwendawazimu, na wifi akanishika mkono akapiga kelele, "Unafanya nini wewe? Unafanya nini na mtoto?"

Nikaelewa ninachokifanya, na nikaelewa nilichokifanya.

Nilimkimbiza kwa daktari. Damu ikapimwa. Daktari alisoma jibu mara mbili, akanitazama. "Mama yake ni kundi gani la damu? Sista, huyu hakuanza leo. Hamkuona?" Nikasema hatukuona. Akasema taa ya buluu peke yake haitoshi tena, inabidi abadilishwe damu, na hiyo inafanyika hospitali ya rufaa tu.

Nilirudi wodini nikawabeba wachanga mmoja mmoja kuwapeleka barazani. Wazazi wananifuata wameshikilia matumbo, wananiuliza kuna nini, sijibu. Wawili zaidi walikuwa wa manjano. Hao bado walikuwa wananyonya kwa nguvu, tumewalaza chini ya taa ya buluu.

Gari la wagonjwa liliondoka na Kitinda, wifi, mimi na mtoto. Mto ulikuwa umefurika hadi barabarani. Malori yamepanga foleni pande zote mbili, na hakuna wa kuvuka. Dereva wetu alishuka akapima maji kwa fimbo, akarudi akitikisa kichwa. Tukasubiri. Humo garini ndipo mtoto alipoanza kulia kilio ambacho sijui nikiandikeje. Chembamba, kirefu, kama mlango usiotiwa mafuta. Akaukunja mgongo kwa nyuma, kichwa kikataka kufika visigino. Kitinda akasema, "Afadhali analia. Shangazi, si ni vizuri akilia?"

Wifi alinitazama. Ana watoto wanne, anajua kilio. Nilitazama dirishani.

Maji yalishuka alasiri. Tulivuka.

Jumapili, 14 Aprili

Wamembadilisha damu. Yu hai. Sikuruhusiwa kuingia, huku mimi si Sista, ni ndugu wa mgonjwa.

Jumatano, 17 Aprili

Nimerudi kazini. Wale wawili wamepona, mama zao wamenishukuru. Mmoja amenibusu mkono. Nilikwenda chooni nikanawa mikono mpaka ikauma.

Boksi la tyubu bado liko juu ya kabati. Nimesoma maandishi madogo. Hakuna lililoandikwa kuhusu watoto. Kuna kuhusu sebule, hoteli na vyumba vya kulala. Nani angejua? Hilo ndilo neno ninalojisemea siku nzima, nani angejua. Halafu najijibu kwamba mtu aliyesomea kuangalia rangi ya ngozi ya watoto angejua.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Tunawakagua watoto barazani, chini ya mwavuli.

Jumamosi, 27 Aprili

Wamemtoa mtoto hospitali ya rufaa, nilikwenda kuwachukua. Daktari wa watoto aliniita pembeni kwa kuwa mimi ni wa kazini. Anahofia ule umanjano umegusa ubongo. Mikono na miguu itakaza. Kuhusu kusikia, alipiga kibati nyuma ya kichwa cha mtoto mbele yangu. Mtoto aliendelea kutazama ukuta.

"Mama yake umemwambia?" nikauliza.

"Nimemwambia tutaendelea kumfuatilia," akasema. Najua maneno hayo. Nimeyatumia sana.

Alhamisi, 2 Mei

Mganga Mkuu ameniita ofisini, akafunga mlango. Anataka maelezo yangu ya tukio, na tayari anajua yatasema nini. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, damu yake na ya mama hazikupatana, mvua ilifunga barabara. "Yote ni kweli, Sista. Hakuna hata moja la uongo."

"Na taa?"

"Taa ni taa." Akanisogezea kiti, sauti ikawa ya upole. "Ukiandika taa, wanauliza nani alichagua. Mimi nakulinda."

Nilitoka bila kukaa. Wodini nilimkuta Fundi juu ya ngazi, tyubu zangu za manjano anazishusha. Bwana Stoo mwenyewe amesimama chini anampokelea, mkuu mzima wa ugavi, mikono ya shati ameikunja. Nilisubiri aseme. Nilitaka aseme. Aliniambia, "Pisha kidogo, Sista, isikuangukie," akanipita na zile nyeupe. Miaka yote nimemwita bahili na mwenye kichwa kigumu, na leo sikupata pa kushika. Hakuwa amejua chochote kuhusu watoto. Alitaka rafu yake iwe safi tu. Lakini alikuwa na haki ya kunicheka, na hakunicheka.

Fundi alifanya kazi mpaka jioni bila kula. Nilimpelekea chai. Akasema, "Mimi ndiye niliyezifunga, Sista." Nikamwambia wewe ulifunga ulichoambiwa. Akanywa chai, ngazi imemwegemea begani.

Jumanne, 7 Mei

Mvua imepungua. Nimeandika maelezo mara tatu, nimeyachana mara tatu.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikwenda kwa kaka na maziwa na nepi. Kitinda amekonda, shingo imebaki kamba. Mtoto yuko mapajani, ngumi amezikaza. Wifi alikuwa uani. Kitinda alinivuta mkono nikae karibu, akaninong'oneza ili mama yake asisikie.

"Shangazi, niambie kweli. Ni maziwa yangu?"

"Maziwa yako yana nini?"

"Mama mkwe amesema maziwa yangu yalichelewa, ndiyo maana mtoto alikuwa manjano. Mume wangu amepiga simu, ameuliza kama nilikula kitu. Kila mtu anauliza nilifanya nini. Mimi nakumbuka alikuwa analala na mimi nikafurahi napumzika. Nilifurahi, Shangazi. Kidonda kilikuwa kinauma nikasema afadhali analala."

Nilisema si maziwa yako. Akasema basi ni nini. Mlango ukafunguliwa, wifi akaingia na sinia, nikanywa uji wa watu moto moto nikaunguza ulimi, nikaaga.

Ijumaa, 10 Mei

Siwezi kula.

Jumapili, 12 Mei

Nimewaambia.

Walikuwa wote sebuleni. Kaka anarekebisha mguu wa stuli, wifi anachambua mchele, Kitinda na mtoto kwenye mkeka. Nilisema nimekuja na neno, kaka akasema kaa kwanza, nikasema nikikaa sitasema.

Nikasema mtoto angeweza kuonekana mapema. Nikasema taa za wodi zilikuwa za manjano, na chini ya taa za manjano mtoto wa manjano haonekani. Mvua ikafunga madirisha, kwa hiyo hapakuwa na mwanga mwingine. Nilimkagua kwa mkono wangu nikaandika mzima. Na taa hizo nilizichagua mimi. Niliambiwa nichukue nyingine nikakataa, kwa kuwa hizi zilikuwa nzuri.

Kaka hakuelewa. "Taa? Taa inamfanyaje mtoto asisikie?"

Nikaeleza tena, taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Hiyo mara ya pili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Niliona ikimwingia. Aliweka nyundo chini kwa uangalifu sana, akatoka nje akasimama kwenye manyunyu bila koti.

Kitinda hakulia. "Nilikuuliza. Nilikuuliza mbona analala, ukacheka."

"Nilicheka."

"Na mwezi mzima huu ukaniacha nafikiri ni mimi."

Wifi aliendelea kuchambua mchele. Punje moja, punje moja. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Nenda kwako, wifi." Nilijiandaa kwa matusi, tumetukanana kwa mambo madogo mno, kwa sufuria, kwa maneno ya harusini. Leo alikuwa na haki ya kunitukana mpaka jua lizame, akaniambia tu nenda kwako.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepeleka maelezo. Taa zimo. Jina langu limo.

Jumatatu, 20 Mei

Nimehamishiwa chumba cha kufunga vidonda, wagonjwa wa nje. Wodi amepewa Sista Mdogo. Mganga Mkuu hanisalimii. Maelezo yangu ameyapeleka juu, hilo sikulitegemea. Bwana Stoo anasema Mganga Mkuu aliyapeleka mwenyewe kwa mkono, na kwamba amezuia taa za manjano kwenye kila chumba anacholala mgonjwa. Nilikuwa nimeshamwita mwoga moyoni. Huenda ni mwoga, lakini alilifanya hata hivyo.

Kaka hapokei simu.

Jumamosi, 25 Mei

Vidonda. Manyunyu.

Jumatatu, 3 Juni

Anga nyeupe, vumbi limeanza. Jioni mlango wangu ukagongwa. Wifi. Hakuingia, alisimama na mkoba ameukumbatia.

"Hospitali ya rufaa wametuonyesha mazoezi ya kumnyoosha," akasema. "Kitinda akimnyoosha, mtoto analia, na yeye analia, wote wanaacha. Mimi mikono yangu haina nguvu. Wewe mikono yako naijua."

"Kitinda amekubali?"

"Kitinda hajasema kitu. Sikuja kukusamehe, wifi. Usinielewe vibaya. Miguu inakaza."

Nikachukua viatu.

Jumanne, 11 Juni

Nakwenda kila siku nikitoka kazini. Kaka akiniona anatoka kwenda uani, lakini leo alinisogezea stuli kwanza, ndipo akatoka.

Mtoto ana macho makubwa ya mama yake. Unamlaza chali, unapasha viganja joto, unaanzia kwenye nyonga. Huwezi kulazimisha, ukilazimisha anakaza zaidi. Unasubiri msuli uchoke kukataa. Bila kufikiri nikaanza kumwimbia kwa sauti ya chini, kama ninavyowaimbia wote.

"Usimwimbie," Kitinda akasema kutoka kitandani. Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile. "Hasikii."

"Najua."

"Basi usimwimbie."

Nikanyamaza. Nikanyoosha mguu wa kushoto, nikasubiri, nikanyoosha wa kulia. Alipotaka kulia nikaacha mikono ilale juu yake mpaka akatulia, nikaanza tena. Ilichukua muda mrefu. Kitinda hakutoka chumbani.